Malengelenge ya Gathogo

Harufu ndiyo iliyompokea Nasike mlangoni, kabla ya Gathogo mwenyewe.

Ilikuwa harufu ya soksi, ya maziwa yaliyoganda, na ya kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Alisimama kizingitini akiwa na kikapu mkononi, ndani yake kuku aliyemkaanga Kitale kabla jua halijatoka. Kwa mara ya kwanza tangu ampende mtu huyu, alitamani kurudi nyuma hatua moja. Hakurudi. Alimeza mate, akatabasamu.

"Sasa, Nasike?" Gathogo alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa usingizi, na ilikuwa saa nane ya mchana. "Mbona hukuniambia unakuja?"

"Simu yako imezimwa tangu juzi."

"Chaji, bana. Hii Bungoma yao stima inapotea ovyo ovyo." Akajikuna kifua, akampisha. "Ingia. Lakini usiangalie sana. Nimekuwa na mambo mengi."

Asiangalie wapi? Kilikuwa chumba kimoja tu cha kupanga, juu ghorofani, karibu na lango la chuo. Ovaroli ya buluu ya karakana ilikuwa imerundikwa juu ya vitabu. Ubao wa kuchorea, ule ambao baba yake, Mzee Wahome, alimnunulia kwa madaha mbele ya wateja wote wa hadwea, duka lake la vyuma, ulikuwa umegeuzwa meza ya chai, na vikombe vilikuwa vimeacha miviringo ya kahawia juu yake. Chini ya dirisha palikuwa na sufuria. Nasike alifunua kifuniko, akakirudisha upesi. Ugali uliokuwamo ulikuwa umeota manyoya ya kijani.

"Huu ni wa lini?"

"Wa Jumapili."

"Jumapili gani?"

Gathogo alicheka. "Umekuja kunikagua kama mwalimu wa zamu?"

Kicheko hicho ndicho kilichomnasa Nasike miaka mitatu iliyopita. Wakati huo Gathogo alikuwa akileta bawaba na vyuma kutoka hadwea ya baba yake hadi karakana ya Mukhwana, pale ukingoni mwa Kipsongo, mtaa wa mabanda wa Kitale. Mukhwana ni ndugu wa marehemu mama yake Nasike, na ndiye aliyemchukua alipoacha shule darasa la sita. Alimfundisha kukata, kupiga tupa na kuchomelea, na mageti mengi ya mtaa wa Milimani leo yamepita mikononi mwa msichana huyo, ingawa wenye nyumba hawajui. Gathogo alikuwa akishusha vyuma, anasema neno la mzaha, anacheka. Nasike alikuwa akiinamisha kichwa asionekane anavyotabasamu, na moyo unamdunda kuliko nyundo.

Kisha Gathogo akaitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo, na maneno yakaanza. Mama yake, Gathoni, alisema waziwazi dukani: "Injinia mzima aoe msichana wa mageti? Mikono yenyewe kama ya mwanamume!" Kule Naitiri, kijijini kwao Nasike, baba yake naye alikataa kata kata. Alisema watu wa duka watawaona wao takataka. Nasike, ambaye akiwa mgeni hawezi hata kuomba chumvi mezani, alipiga magoti mbele ya baba yake na kusema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema maishani. Baba akalegea. Mama Gathoni naye, kwa shingo upande, akakubali.

Sasa ilikuwa Jumatano. Jumamosi, Mzee Wahome na watu wake walikuwa wafike Naitiri kubisha hodi, yaani kuposa. Senge yake, shangazi Wilkista, alitaka kujua wageni watakuwa wangapi ili ajue achinje kuku wangapi, na simu ya Gathogo ilikuwa haipatikani. Ndiyo sababu Nasike akaomba ruhusa karakana, akaja mwenyewe.

"Senge anauliza mtakuwa wangapi."

"Kumi. Kumi na wawili. Muulize mathe, ndiye anapanga hayo." Gathogo alikuwa ameshafungua kikapu. "Ai! Kuku! Wewe utaniua kwa mapenzi."

Ndipo Nasike alipouona mkono. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefunikwa na plasta pana, kutoka kwenye kidole gumba hadi upande wa pili.

"Umefanya nini?"

"Vaisi ilinibana karakana. Si kitu kubwa."

"Uui! Na hukuniambia!" Aliuchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni pake, akafumba macho. Plasta ilikuwa na unyevunyevu, lakini hakujali. Alijua meno ya vaisi, yale ya kushikia chuma mezani, yanavyobana. "Pole, mpenzi wangu," alisema polepole, kwa kuwa neno hilo bado lilikuwa zito mdomoni mwake.

Basi akasahau harufu. Mtu mwenye mkono mbovu ataoshaje sufuria? Alimkalisha kitandani na kuku wake, akakunja mikono ya blauzi, akateka maji kwenye mfereji wa ploti, kule chini uani, akachuchumaa kando ya mlango na beseni. Ugali ule ulitoka kwa vipande vyenye utelezi. Alikuwa akigeuza uso pembeni ili avute pumzi, kisha anarudi kusugua.

Gathogo alikula huku akizungumza.

"Huku si Kitale, Nasike. Huku kila mtu alikuwa namba moja kwao. Kule shule walikuwa wananiita Profesa, unakumbuka? Hapa tuko tisini. Mtihani wa kwanza wa hesabu nimekuwa wa themanini na moja."

"Themanini na moja?"

"Usimwambie mtu. Mhadhiri anaingia, anajaza ubao, anafuta, anajaza tena, anaenda. Haulizi kama umeelewa. Nilimfuata ofisini akaniambia nisome kitabu. Nilisoma ukurasa mmoja siku tatu. Siku ya nne nikalala."

"Utazoea."

"Kila mtu ananiambia nitazoea." Alirarua paja la kuku kwa mkono wa kulia, ule wa plasta, kwa nguvu kabisa. Mafuta yalitiririka juu ya plasta hadi kwenye kifundo cha mkono, akayalamba. Nasike aliliona hilo, akaliacha lipite. Alimhurumia. Aliijua hofu ya kukaa mbele ya ubao usiousoma. Yeye mwenyewe alikuwa nayo darasa la tano.

Na huruma kama hiyo ndiyo iliyokuwa imemfanya akubali ile kazi ya chuma.

Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza walipewa kipande cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, kimepinda kila upande. Kila mtu akipige tupa kwa mkono wake mpaka kiwe mchemraba wa sentimita tano, nyuso sita zilizonyooka, hivi kwamba ukiweka skwea mwangaza usipenye. Vaisi za karakana ya chuo hazikutosha, kwa hiyo wanafunzi waliruhusiwa kumalizia kwingine. Gathogo alikuja nacho Kitale siku ya Ijumaa, akakiweka mbele ya Nasike kama mtu anayeweka mtoto mgonjwa mbele ya daktari. "Nisaidie kidogo tu," alisema. Kidogo hicho kilikuwa jioni nne baada ya kazi. Mukhwana alimtazama jioni ya kwanza, akatazama ya pili, ya tatu akauliza:

"Sasa uyo kijana atajifunza rini, kama ni wewe unajifunza?"

Nasike aliendelea kupiga tupa. Alipomaliza alichukua panchi akagonga nukta moja upande wa chini, jinsi wanavyofanya kwa Mukhwana, na kesho yake Gathogo akaja kukichukua. Wiki mbili baadaye Gathogo alirudi na kipande kingine. Alisema kile cha kwanza kimeibwa karakana. Nasike alitengeneza cha pili, jioni nne tena na nukta ile ile, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, hicho kilitoka kizuri hata kuliko cha kwanza.

Mlango uligongwa, ukasukumwa bila kungoja jibu.

"Gathogo! Zimetoka!"

Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, ovaroli yake imefungwa kiunoni kwa mikono yake, na penseli imechomekwa kwenye nywele. Kila mkono ulikuwa na kipande cha chuma. "Mimi kumi na saba juu ya ishirini! Wewe kumi na sita! Mjinga wewe, ulinitengenezea mimi nzuri kuliko yako!" Kisha akamwona Nasike pale chini na beseni. "Aa, samahani. Una mgeni."

Gathogo alikuwa amesimama. Ngozi ya kuku ilikuwa imemganda kwenye mdomo wa chini.

"Jepkoech, huyu ni... huyu ni sista wa kanisa letu, Kitale. Wanatembelea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanatuombea."

"Bwana asifiwe, sista!"

"Amina," mdomo wa Nasike ulijibu wenyewe, na hapo hapo ulimi ukawa mchungu. Alikuwa ameuitikia uongo amina.

"Na mnaosha hadi vyombo? Hiyo ni kanisa gani, nihamie?" Jepkoech alicheka, akaweka vyuma juu ya ubao wa kuchorea, akatoa mkebe mdogo mfukoni. "Gathogo, leo huponi kwa maombi peke yake. Nimekuletea mafuta ya kukamulia. Mama yangu anapaka ng'ombe wakipasuka chuchu, lakini hata mtu yanamponya. Hayo malengelenge yanaendeleaje?"

"Malengelenge?" aliuliza Nasike.

"Hajakwambia? Anajificha, huyu." Jepkoech aliketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyezoea kuketi hapo. "Sista, mimi tupa ilinishinda. Darasa letu tuko wasichana watano, na wavulana wananicheka, ati chuma changu ni kiazi. Nililia. Basi huyu akakichukua, akasema niachie. Jioni tatu! Akarudi na mkono umefungwa hivyo. Malengelenge manne, na moja limepasuka."

"Jepkoech, wacha hiyo story," Gathogo alisema.

"Wacha nimwambie, mtumishi wa Mungu lazima ajue watu wazuri wako." Alikichukua kimoja cha vile vyuma, akakigeuza. Upande mmoja namba yake ya usajili ilikuwa imegongwa na mwalimu. Upande wa chini palikuwa na nukta moja ndogo, katikati kabisa. "Unaona hii? Nilimuuliza ni ya nini. Unajua aliniambia nini? Ati, 'Hiyo ni wewe. Kila kitu kwa maisha yangu nimekisawazisha, nimebaki na nukta moja, na ni wewe.' Sista! Si hata wewe ungeanguka?"

Nasike alikitazama kile chuma. Alikijua kama mtu anavyoijua sauti yake. Jioni nne za pili zilikuwa hapo. Kitu kilipanda kutoka tumboni hadi kooni, cha moto na kichungu, akafunga mdomo kukizuia. Hakikuwa kilio. Angejua la kufanya na kilio. Kilikuwa ni kile kitu kinachokupanda ukiuma embe, ukaona nusu ya funza.

"Basi nipe huo mkono nikupake," Jepkoech alimwambia Gathogo, kisha akasita. "Hapana. Mpake wewe, sista. Mimi kidonda siwezi kuangalia."

"Nitajipaka mwenyewe baadaye," Gathogo alisema, akaurudisha mkono nyuma ya mgongo.

Nasike aliinuka. Alikausha mikono kwenye sketi yake, akasogea. Siku zote, mbele ya mgeni, alikuwa hajui auweke wapi uso wake. Sasa aliuinua.

"Lete mkono."

"Nasike, wacha..."

"Kidonda kikifungwa na mafuta ya kuku kitaoza. Lete."

Jepkoech alikuwa anamtazama, na Gathogo alijua kwamba Jepkoech anamtazama. Mkono ulitoka nyuma ya mgongo polepole. Nasike alishika ncha ya plasta kwa kucha mbili, akaivuta.

Ilitoka na sauti ya kunata. Chini yake hapakuwa na malengelenge. Hapakuwa na alama ya vaisi. Kilikuwa kiganja kizima, laini kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa, ila ngozi ilikuwa nyeupe na imekunjamana kwa kukaa siku nyingi bila hewa, na ilitoa harufu ya jasho na kuku. Nasike alibaki ameishika plasta ile mbali na mwili wake, kama mtu aliyemshika mende kwa sharubu.

"Yako wapi?" Jepkoech aliuliza.

"Yamepona," alisema Gathogo.

"Leo asubuhi kwa lekcha uliniambia bado ni manne."

"Yanaponaga haraka, kwetu."

Hakuna aliyecheka. Jepkoech alimgeukia Nasike. Macho yake yalishuka kwenye mikono iliyoshika plasta: vidole vyenye weusi wa grisi uliokwisha kuingia ndani ya ngozi, viganja vigumu, kovu la cheche juu ya gumba. Alitazama chuma, akatazama mikono tena.

"Wewe si wa kanisa."

Nasike alitikisa kichwa.

"Ni wewe ulikipiga hiki?"

"Vyote viwili." Sauti yake ilitoka kama mnong'ono, lakini ilitoka. "Na hiyo nukta si ya mtu. Kwetu tunagonga hivyo kazi ikiisha, ili mwingine asiiguse tena na tupa."

Jepkoech alikirudisha chuma juu ya ubao. "Na mimi nimelala nayo chini ya mto," alisema, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaifuta tena, kana kwamba imepakwa kitu. "Wewe ni nani wake?"

"Jumamosi watu wao wanakuja kwetu kubisha hodi."

"Ngoja. Jumamosi hii? Hii, hii?" Akamtazama Gathogo. "Si Jumamosi uliniambia unaenda matanga?"

Gathogo aliuficha tena mkono nyuma ya mgongo.

Jepkoech alichukua chuma chenye namba yake. "Mimi naenda kwa Mwalimu Kipngeno afute hiyo kumi na saba yake. Nitaanza upya, hata kitoke kiazi. Kiazi changu." Mlangoni aligeuka. "Pole, dada. Sikujua. Kweli sikujua."

"Najua hukujua," Nasike alisema.

Nyayo zake ziliposhuka ngazi, Nasike alingoja. Hata pale, na plasta mkononi, kipande fulani cha moyo wake kilikuwa bado kinangoja. Kama angesema nisamehe. Kama angeona haya tu, hata bila kusema.

"Mfuate!" Gathogo alimshika bega. "Nasike, mkimbilie! Akifika kwa Kipngeno mimi nitaitwa pia. Nitafukuzwa! Mwambie anyamaze."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie... mwambie ni wewe ulileta hicho chuma. Uliniletea, ukanidanganya ni cha kununua. Wewe si mwanafunzi, hawawezi kukufanya kitu."

Nasike alimtazama. Alimtafuta yule kijana wa bawaba, yule wa mizaha, kwenye uso huo. Aliona mafuta kidevuni. Aliona ile ngozi ya kuku bado imening'inia mdomoni, inacheza akisema.

"Yule Jepkoech si kitu," Gathogo aliendelea, sasa kwa sauti laini, ile sauti yake ya zamani. "Ni wa hapa hapa tu. Mtu anajisikia mpweke, Nasike. Huku hakuna anayenijua. Yule alinitazama kama mimi ni mtu anajua kitu. Unajua imekuwa muda gani bila mtu kunitazama hivyo?"

"Mimi nilikuwa nakutazama hivyo."

"Wewe ni tofauti."

"Kwa nini hukuniambia tupa imekushinda? Ningekufundisha. Siku mbili tu. Mkono ungeuma kidogo, basi."

"Nifundishwe na wewe?"

Maneno hayo yalimtoka haraka, na uso wake ukaonyesha kwamba angependa kuyarudisha. "Si hivyo nilimaanisha."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha... Nasike, wewe ni wangu. Kazi yako ni yangu. Tukishaoana nani atauliza hii ni ya nani na hii ni ya nani? Tena kuna kazi ya pili, ya kuunga vyuma kwa pembe, nilitaka kukwambia. Inatakiwa wiki ijayo. Hiyo ukinisaidia, nakuapia, ni ya mwisho." Akainua mkono kumgusa shavu. Ule wa kulia, mweupe, uliokunjamana.

Shavu ni lile lile alilokuwa ameliwekea mkono huo muda mfupi uliopita. Nasike aliruka nyuma. Hakupanga kuruka, mwili uliruka peke yake, na mgongo ukagonga mlango.

"Unaniogopa?" Gathogo aliuliza kwa mshangao.

"Hapana."

Na ilikuwa kweli. Hakumwogopa wala hakumkasirikia. Angekuwa na hasira angepiga kelele, angerusha sufuria, jioni wangepatana. Alitaka tu maji safi na sabuni. Alitupa plasta sakafuni, akaacha sufuria na beseni vilipokuwa, mabaki ya kijani yakielea juu ya maji. Akachukua kikapu chake, akatoka.

"Nasike! Na Jumamosi?" Gathogo alimwita akiwa juu ya ngazi. "Nasike! Usinifanyie hivyo! Mathe ameshaambia watu!"

Penye mfereji wa ploti alinawa uso, akanawa shavu peke yake mara tatu, kwa nguvu, mpaka likawaka. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo alimuuliza kama ni mdudu amemuuma. Alisema ndiyo.

Kisha akasimama kando ya ukuta na simu mkononi.

Kwao msichana hampigii mama mkwe simu. Neno linapita kwa senge, senge analipeleka kwa wazee, wazee wanalizungusha mpaka linafika limepoa. Hata akikutana naye njiani anapaswa kuinama na kupisha. Tangu amjue Mama Gathoni, Nasike alikuwa hajawahi kumwambia zaidi ya "shikamoo" na "ndiyo, Mama". Lakini neno hili likipita kwa senge, wangekaa chini, wangesema vijana ni hivyo hivyo, wangemtuliza. Na Jumamosi angejikuta amevaa kitenge, anamnawisha yule mtu mikono.

Alibonyeza.

"Haroo? Nani?"

"Ni Nasike, Mama."

"Nasike gani? Haiya! Nasike wetu? Kuna nini? Gathogo ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama. Ni mzima. Nimekupigia niseme..." Alilaza kiganja ukutani. "Nimekupigia niseme msije Jumamosi."

"Tusije? Baba yako amekataa tena?"

"Baba hajui bado. Ni mimi."

Sauti ikapanda mpaka Nasike akaisogeza simu mbali na sikio. "Wewe! Wewe ndio unakataa mtoto wangu? Wewe wa Kipsongo? Mimi nimeshinda na maneno ya watu miezi yote, ati Gathoni anakubalije ile kitu, nikawanyamazisha! Nimeshona nguo! Nimemwambia pasta! Kijana wangu ana kasoro gani? Si anasoma? Si ni injinia?"

"Anasoma, Mama."

"Ama ni mwanamke? Ni msichana wa huko? Sikiza, Nasike, wanaume wa chuo ni hivyo, wanatulia wakioa. Hata baba yake, mimi nilikuta barua. Nilikasirika mwaka mzima. Nikapoa. Hasira inapoa, mama. Wewe kuja hapa nyumbani, tuketi, nitamwita, nitamchapa mbele yako kama ni lazima."

Ilikuwa ajabu. Mwanamke aliyemkataa waziwazi dukani sasa alikuwa anambembeleza, tena alimwita mama. Siku nyingine yoyote Nasike angelia kwa furaha. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, ni mwanamke, halafu wasameheane. Alitafuta neno lenyewe, la kweli, na lilipokuja lilikuwa dogo.

"Si hasira, Mama. Sina hasira. Nimemwonea kinyaa."

"Umemwonea nini?"

"Kinyaa. Alitaka kunigusa, nikasikia kutapika. Sijui niseme vipi. Ukiniuliza kosa nitakwambia, lakini hata ukilirekebisha kosa, mimi siwezi tena kula sahani moja na yeye."

Alisikia mlango wa duka ukilia, mteja akiuliza misumari ya inchi tatu, na Mama Gathoni akimwambia angoje. Kisha kiti kikavutwa. Alikuwa ameketi.

"Ngai," alisema taratibu. "Kinyaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na anajua?"

"Nafikiri hajui. Anafikiri nimemwogopa."

Mama Gathoni alivuta pumzi ndefu, na alipozungumza tena ilikuwa ni sauti ambayo Nasike hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwanamke anayezungumza na mwanamke.

"Nilikuwa na dada yangu. Aliolewa na mtu alikuwa anamwonea hivyo. Walimwambia atazoea. Watoto watano alizaa naye, Nasike, na kila siku akimpelekea chakula alikuwa anageuza uso pembeni. Mpaka akazikwa." Kiti kikalia. "Mwambie senge yako asichinje. Hatuji."

"Asante, Mama."

"Usiniambie asante. Nina uchungu na wewe," Mama Gathoni alisema, na sauti ikavunjika kidogo. "Nenda nyumbani."